Nusu Saa ya Kwenda Pemba

Tangu nirudi Bagamoyo, kila ninayekutana naye ananiuliza, "Enhe, ilikuwaje?" Nikianza kujibu, simu yake inaita au chipsi zake ziko tayari, na masimulizi yanakatikia uwanja wa ndege wa Unguja, mahali ambapo hata mimi mwenyewe nilikatikia. Nimeamua kuyaandika yote, niwatumie mara moja, kisha tusumbuane kwa mambo mengine.

Kwa wale msioijua familia yangu, marehemu baba aliuza vyombo vya nyumbani: masufuria, chupa za chai, beseni za plastiki. Alinunua Dar, akauza Bagamoyo na Pemba. Bagamoyo alimwoa mama yangu. Miaka baadaye, Chake Chake, alimwoa mama yake Rahma. Upande huu mtoto ni mimi tu, upande ule ni Rahma tu. Sasa Rahma amepata mchumba, na kwa kuwa baba hayupo na babu hayupo, mwenye kumwozesha, yaani walii wake, ni mimi, kaka yake wa baba mmoja.

Mnanijua nilivyo. Chuoni mliniita Bwana Kwa Nini. Nilimpigia simu nikamwuliza, "Wewe ni muuguzi, unazalisha wanawake usiku na mchana. Kuolewa unahitaji ruhusa yangu, mimi nisiyejua hata kama unakunywa chai ya rangi au ya maziwa?"

"Ya maziwa," akasema. "Na nimekuomba uje, sikukuomba ruhusa."

"Naweza kumpa mtu uwakala kwa simu. Siku hizi wanafanya, na ndoa inasihi kisheria."

"Najua inasihi. Njoo."

Nikatafuta mtandaoni umbali wa Unguja na Pemba kwa ndege. Kilomita mia moja na kitu, muda nusu saa. Nusu saa ndiyo ninayomsubiri muuza chapati pale Dunda. Nikaha ilipangwa baada ya sala ya Alasiri. Mama alisema niondoke siku moja kabla. Nikamwonyesha simu. Akaitazama, akanitazama, akaendelea kukunja nguo.

Bagamoyo hadi Dar

Nguo aliyokuwa anaikunja ni joho la baba, lile jeusi lenye ukingo wa uzi wa dhahabu. Lilikuwa limekaa sandukuni na udi tangu msiba. Mama hajawahi kufika Pemba, wala sikumbuki kama aliwahi kuzungumza na nyumba ile kwa mdomo wake. Salamu zilikuwa zinapita kwa baba, na baba alipofariki zikapita kwangu.

"Alilivaa kwangu," akasema, "akalivaa kwao. Sasa likavaliwe kwa mtoto wake."

Nilifungua mdomo niulize swali. Akanikabidhi ndoo. Ilikuwa ndoo nyeupe yenye mfuniko, imejaa visheti alivyokaanga mwenyewe na kuvipaka shira ya sukari. "Hivi ni vya bibi harusi. Na ndoo yangu irudi."

Jirani yetu Mzee Shabani hupeleka Dar kamba wa Saadani kwa gari lake, wamelazwa kwenye barafu, na alikuwa amekubali kunibeba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unakwenda Pemba?"

"Naam."

"Pemba iko kaskazini. Mbona tunakwenda kusini?"

"Ndiyo njia, mzee. Dar, halafu Unguja, halafu Pemba."

"Basi wewe ukitaka kwenda jikoni kwako unapitia kwa jirani."

Ukisimama ufukweni kwetu, Unguja iko mbele yako upande wa pili wa maji, nasi tuliipa mgongo tukaifuata barabara ya lami. Mapinga tulikuta lori la miwa limekatika ekseli, limelala njiani, na watu wa karibu wamekuja kusaidia kupunguza mzigo kwa kuutafuna. Mzee Shabani alishuka kila baada ya muda kugusa barafu yake. "Kamba hawajui kusubiri," alisema. Mimi nilikuwa natazama saa yangu kwa uso ule ule aliokuwa nao yeye.

Dar hadi Unguja

Boti niliipata. Bahari ilichafuka kidogo, nami nikachafuka zaidi. Mama mmoja asiyenijua alinipa nusu ndimu ninuse, akaniuliza ndoo ina nini, akacheka nilipomwambia. Hayo tu ndiyo ninayoyakumbuka.

Mizani

Uwanja wa Unguja nilifika nimechelewa, lakini ndege nayo ilikuwa imechelewa, tukawa tumetoshana. Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja. Kwenye ndege za namna hii unapimwa wewe pamoja na mzigo wako, mbele za watu, kama gunia la mpunga.

Mbele yangu alikuwa Bi Asha, mama mtu mzima wa Chake Chake, aliyekuja Unguja kufanyiwa upasuaji wa jicho. Jicho hilo lilikuwa limefunikwa kwa bandeji. Alipopanda mizani, kijana wa pale akafungua mdomo kusoma.

"Soma kimoyomoyo, mwanangu," Bi Asha akamwambia.

Nyuma yangu alikuwa bwana mmoja mwenye kanzu na ndevu za mvi, na wote walikuwa wanamwita Maalim. Alibeba katoni mbili zilizofungwa kamba. Wakati tunasubiri nilimwuliza jambo lililokuwa linanikera tangu sala ya Adhuhuri. Msafiri anaruhusiwa kupunguza sala. Je, safari ya nusu saa ni safari?

Akacheka. "Mie nafundisha jiografia Wete. Watu wakiona ndevu wananiletea kesi za talaka." Lakini hakuishia hapo. "Ninavyojua, wanavyuoni wamehesabu masafa, si muda. Marhala mbili, kama mwendo wa ngamia wa siku mbili. Ukiyavuka, wewe msafiri, hata ukiyavuka kabla hujamaliza kupiga chafya."

"Na ndege ikizunguka hewani mchana kutwa, ikashuka papa hapa ilipoondokea?"

"Hilo," akasema, "usiliombe."

Kijana wa mizani akarudi na habari kwamba tumezidi uzito. Kitu lazima kibaki. Macho ya watu wote yakaiendea ndoo yangu.

"Ina nini?" akauliza.

"Visheti," akasema Bi Asha kabla yangu. "Jicho moja linatosha kuona. Basi tuvile."

"Bi Asha," nikamwambia, "uzito ni ule ule. Unatoka ndooni unaingia tumboni."

"Tumbo langu limeshapimwa. Halipimwi mara mbili."

Nikafikiria kubisha, nikaona kwa utaratibu wa uwanja ule ana haki kabisa. Nikafungua mfuniko. Abiria wakala, kijana wa mizani akala, na bado tulikuwa tumezidi. Hapo Maalim akasukuma katoni zake pembeni kwa mguu.

"Hizi ni atlasi za skuli. Zije kesho. Pemba haitahama usiku huu."

Alikuwa hajui naenda kufanya nini. Ndiyo kwanza nikamweleza: nikaha, Alasiri, walii. Akatazama saa ya ukutani, akasema, "Loo," kisha akamwita kijana. "Hebu tupandisheni, kuna mtu anayesubiriwa na watu hapa."

Unguja hadi Unguja

Rubani alikuwa msichana wa rika letu, mtu wa Moshi kwa lafudhi, na wote walimwita Kapteni bila kutabasamu. Ili kusawazisha uzito alinikalisha kiti cha mbele, pembeni yake, akanionya nisiguse kitu chochote. Nilikaa na joho mapajani na mikono juu ya joho.

Nisiwadanganye, nilishikwa na furaha ya kitoto. Kisiwa kilitandazika chini yetu kama mkeka unaokunjuliwa: minazi, mabati, kisha mchanga mweupe unaoendelea chini ya maji mpaka kijani kinapogeuka buluu. Kapteni akanionyesha upande wa kushoto, mbali, mstari wa kahawia kwenye ukungu.

"Bara ile. Kule ndiko Saadani."

Saadani! Kamba wa Mzee Shabani wanatoka pale. Tangu asubuhi nilikuwa nimekwenda kusini, kisha mashariki, kisha kaskazini, na sasa nilikuwa naitazama pwani yetu kwa ubavu, ndogo kiasi cha kuiziba kwa kidole.

Kisha mbele yetu likatokea wingu. Si wingu la kupita, ni ukuta wa kijivu kutoka juu mpaka baharini, na Pemba ilikuwa ndani yake. Kapteni alishuka, akaingia pembeni mwa mvua, na mara moja tu, kupitia mwanya, niliona mapaa ya mabati na barabara nyekundu inayong'aa kwa maji. Tuliyapita mapaa yale karibu sana. Akazunguka. Akazunguka tena. Aliongea na watu wa chini kwa redio, akasikiliza, kisha akaugeuza usukani wake taratibu.

"Tunarudi," akasema.

"Lakini tumefika."

"Tumefika juu yake. Kutua ni kitu kingine."

Nyuma yangu nilimsikia Bi Asha anasoma dua, na baada ya hapo sauti ya Maalim: "Kijana, uliliomba."

Uwanjani tena

Kwa hiyo, mkiniuliza muda wa safari yangu ya kwanza ya ndege siku ile, ni kwenda na kurudi. Mkiniuliza umbali, ni sifuri.

Simu ilipowaka, ilianza kuita hapo hapo. Mpigaji alikuwa Mjomba Hamadi, kaka wa mama yake Rahma, ndiye aliyekuwa anasimamia shughuli nyumbani kwao.

"Uko wapi?"

"Unguja, mjomba."

"Bado?"

"Si bado. Tena."

Nikamweleza. Akashusha pumzi. Alasiri ilikuwa imeshaingia, watu wamejaa msikitini, biriani imeiva, na kadhi ana nikaha nyingine Mkoani. "Sikiliza, baba. Kadhi anasema walii akiwa mbali, umbali wa masafa ya safari, yeye anaruhusiwa kusimama mahali pake. Au utupe uwakala kwa simu, sasa hivi, neno moja tu. Tumalize."

Marhala mbili. Maswali yangu ya kumpigisha soga Maalim yalikuwa yamerudi kunidai mimi. Kwa hesabu yoyote ile mimi nilikuwa mbali, na kwa akili yangu ya kawaida jibu lilikuwa wazi: toa uwakala, ndoa inasihi, kila mtu ale biriani ikiwa ya moto. Mimi mwenyewe ndiye niliyelipendekeza tangu mwanzo. Nilivuta pumzi niseme neno hilo moja. Halafu nikasikia upande wa pili simu inanyang'anywa.

"Kaka." Alikuwa Rahma. "Ulikuwa kwenye ile ndege?"

"Ipi?"

"Iliyopita juu ya paa letu, ikazunguka, ikaondoka."

"Ndiyo. Nilikuwa mbele."

"Nilijua. Nimewaambia wote hapa, kaka yangu huyo. Sasa wananiambia walii yuko mbali. Nimemwambia kadhi, mtu niliyemsikia juu ya paa langu hawezi kuwa wa mbali."

"Kadhi kasema nini?"

"Kacheka. Kasema anatangulia Mkoani kwenye nikaha ya wenzetu, na akirudi baada ya Magharibi akukute umeshakaa. Usipokuwepo ataozesha yeye, kwa sababu watu hawawezi kuwekwa siku mbili." Akashusha sauti. "Kaka, mimi nina baba mmoja tu na wewe ndiye uliyebaki badala yake. Njoo."

Nilikwenda kwa Kapteni. Alikuwa amesimama chini ya bawa, anatazama kaskazini.

"Kwa nini tusijaribu sasa hivi?" nikamwuliza.

"Kwa sababu wingu bado lipo."

"Ninaozesha dada yangu."

"Hongera. Mimi siruki kwa hamu ya abiria." Hakusema kwa ukali. "Nikisikia mvua imekatika, narudi mara moja. Ikikataa tena, au giza likiingia, nalala Unguja na nyote mnalala."

Mwajua siwapendi watu wanaoniambia nisubiri bila sababu. Huyu alinipa sababu zote, nami sikubaki na swali. Nilirudi kukaa. Abiria wawili walikata tamaa, wakarudi mjini. Bi Asha alikula kisheti kingine, akanipa na mimi kimoja kutoka kwenye ndoo yangu mwenyewe kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni.

"Huyo bibi harusi, mama yenu mmoja?"

"Baba mmoja."

"Na visheti kapika nani?"

"Mama yangu."

Akaacha kutafuna. Alinitazama kwa lile jicho lake zima, kisha akaufunga mfuniko wa ndoo, akaubana kwa viganja viwili. "Basi," akawatangazia wote. "Hakuna kula tena. Vilivyobaki vina mwenyewe."

Na kila abiria aliyeunyoosha mkono baada ya hapo alipigwa kofi la mkono, pamoja na Maalim.

Jua lilikuwa limeshaanza kulalia mbuga za uwanja Kapteni alipokuja anatembea haraka. "Twendeni."

Unguja hadi Pemba

Safari hii ilichukua nusu saa, kama mtandao ulivyosema. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba Pemba baada ya mvua ni ya kijani ambayo sijawahi kuiona mahali pengine, milima midogo midogo imebanana, na kila bonde lina moshi wa jiko. Tulipotua tulirusha maji pande zote mbili. Bi Asha akasema, "Kapteni, Mungu akupe mume mwema," na Kapteni akajibu kwamba anaye, yuko Moshi anapika.

Chake Chake

Mjomba Hamadi alikuwa ameegesha gari mlangoni kabisa. Nilivaa joho humo humo njiani, kiwiko kikigonga kioo. Lilikuwa kubwa kwangu. Mjomba akaligusa ukingo wa mkono kwa vidole viwili huku mkono mwingine uko kwenye usukani.

"Hili nalijua," akasema.

"Mama kalileta." Nikajisahihisha. "Mama kalituma."

Tulipofika akazima gari, akakaa kidogo kabla hajashuka.

Nilidhani tunakwenda msikitini moja kwa moja. Kumbe kabla ya nikaha kuna jambo, na hapa ndipo mimi Bwana Kwa Nini nilipogundua kwamba sikuwahi kuuliza swali lililo la maana. Walii haanzi kwa kutoa ruhusa. Anaanza kwa kuiomba. Nilipelekwa ndani, na mashahidi wawili nyuma yangu, mpaka kwenye mlango wa chumba kilichojaa wanawake. Katikati, juu ya kitanda, alikuwa Rahma, amefunikwa shela, nje imetoka mikono tu yenye hina.

Nikasema nilivyofundishwa: "Rahma, mdogo wangu, naomba idhini yako nikuozeshe kwa Salim, kwa mahari mliyokubaliana. Unaniruhusu?"

Kimya.

Somo wake, mwanamke wa makamo anayemfunda mambo ya ndoa, aliyeketi karibu yake, akanipungia mkono. "Ndiyo hiyo, mwanangu. Kimya cha mwari ndiyo idhini yake. Nenda kaozeshe."

"Kwa nini?" nikauliza.

Niliwasikia mashahidi nyuma yangu wanahema. Mjomba akanigusa bega. Kadhi keshafika, akaninong'oneza, amekaa anasubiri.

"Samahani, mama," nikamwambia somo. "Najua ndiyo mila, na siidharau. Lakini nimekwenda kusini, nikapanda boti, nimeruka mara mbili. Sikutoka Bagamoyo kuja kuchukua kimya."

Ndani ya shela nikasikia kicheko kidogo, cha pua, kile kile cha baba. Sikujua kama anacho.

"Mie nilikusikia juu ya paa," Rahma akasema. "Basi na wewe nisikie. Nimekubali. Niozeshe."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilifika Mkoani. Somo alijifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika, sikujua analia au anacheka.

Msikitini niliushika mkono wa Salim, umelowa jasho kuliko wangu. Nikayasema maneno, naye akayajibu, na yote yakaisha kwa muda mfupi kuliko ule wa Bi Asha kupimwa. Nilipotaka kuuachia mkono wake sikuweza mara moja. Kadhi alinisubiri. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada yako angefaa kuwa kadhi," akafungua dua.

Kurudi

Nililala kwao siku mbili, nikanywa chai ya maziwa. Wakati wa kuondoka niliiulizia ndoo. Mnajua kwetu mtu akikuletea kitu kwenye chombo chake hukirudishi kitupu, hata ukitia ndizi mbili. Rahma alikuwa ameiosha na kuianika uani.

"Hiyo haiendi," akasema.

"Mama kasema irudi."

"Nimetafuta cha kuijaza, sijaona kinachotosha. Mwambie mama, ndoo yake ipo, aje aifuate mwenyewe."

Nilimfikishia mama maneno hayo kama yalivyo, nikiwa nimekaa jikoni kwetu, baada ya kumweleza yote haya niliyowaeleza ninyi. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliniuliza juu ya joho, nikamwambia lilikuwa kubwa. Aliniuliza kama mtoto anafanana na baba, nikamwambia kicheko ni kile kile. Akaendelea kuchambua kwa muda mrefu, mchele ambao kwa macho yangu ulikuwa umeshatakata.

"Hiyo ndege," akasema bila kuinua kichwa. "Kweli ni nusu saa?"

Nilifikiria lori la miwa, na ndimu ya yule mama, na mizani, na ule ukuta wa kijivu.

"Nusu saa, mama," nikamwambia. "Haizidi."